Sauti ya Mtumishi

Walikutana sokoni Chake Chake, mikono yao imeshika fungu moja la samaki, changu. Suhaila alijitanda mtandio wa zambarau. Zubeir alivaa kanzu iliyopigwa pasi ikapigika.

"Yakhe, hawa nshawashika mie," alisema Suhaila.

"Wachukue. Ntakuja kula kwenu."

"Kwetu hatulishi asoposa."

Tangu siku ile simu hazikukatika. "Walala, roho yangu?" "Ntalala vipi, na weye hukati simu?" Mwishowe Zubeir akaahidi kuleta posa Ijumaa.

Kabla ya Ijumaa hiyo, vijana wa mjini walionyesha ukumbini filamu bubu ya Kizungu, iliyotolewa katika riwaya ya kale. Zubeir, ulimi wake mtamu, ndiye aliyepewa kazi ya kuwasemea watu wa filamu. Suhaila alikwenda na baba yake, Mzee Ngwali, ambaye wazee wake walitoka bara kuja kuchuma karafuu.

Bibi na bwana wa filamu Zubeir aliwasemesha Kipemba cha mahaba mpaka kina mama wakajifuta machozi. Kisha akatokea mtumishi mweusi, Mzungu aliyepakwa masizi, kazi yake kujikwaa na kuanguka. Huyo Zubeir alimsemesha kwa lafudhi ya wabara, akiyabananga maneno. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee Ngwali alivua kofia, akaipakata, wala hakuinua macho tena. Suhaila alitamani ardhi ipasuke.

"Mbona hukuningoja, mpenzi?" Zubeir alimpigia simu usiku ule.

"Ulikuwa wamcheka nani?"

"Mzaha tu. Walomfanya vile Wazungu, si mie."

"Wazungu walimpaka masizi. Sauti hawakumpa. Sauti kapewa na weye, na ungeweza kumpa yoyote."

Zubeir akakata simu.

Ijumaa alikuja peke yake, akamwangukia Mzee Ngwali magotini.

"Nshakusamehe, mwanangu," alisema mzee. "La posa, muulize mwenyewe."

Suhaila alikuwa nyuma ya pazia, keshavaa gauni jipya, maana moyo haukuacha kutumaini.

"Nakupenda, Zubeir, na sikufichi," alisema. "Lakini nikizaa mtoto akamshabihi baba yangu, nawe uko barazani na wenzio wacheka, utamsemea kwa sauti gani?"

Alingoja. Angeridhika na jibu lolote, hata la kubabaika. Alisikia Zubeir akiinuka, kisha akisaka viatu vyake mlangoni.