Uzi Ndani ya Ukuta wa Zizi

Mama yangu mdogo, Velika, hakuwa mtu wa kutishika. Asubuhi ile tulikula mkate na jibini kwenye kanisa la kale tulilokuwa tukilifukua mlimani, juu ya kijiji chetu, naye akitaniana na wachimbaji wenzake. Kanisa hilo lilipokwisha kubomoka, wachunga kondoo wa zamani walijenga zizi lao humo humo, na ukuta wa zizi ukakatiza madhabahu. Ukuta huo ndio tuliotakiwa kuuondoa.

Ndani yake Velika akakuta uzi mwekundu wa sufu, umekunjwa vizuri.

Mzee Minko, mchimbaji mwenzetu, akatupa sepetu. "Rudisha, mwanangu! Hicho ni kivuli cha mtu."

Kwetu kila mtu anajua. Ili ukuta usianguke, mwashi alipima kwa uzi, kwa siri, kivuli cha mpita njia, akauzika uzi ukutani. Aliyepimwa alikufa kabla siku arobaini hazijatimia, akawa mlinzi wa ukuta.

Kostadin, mkuu wetu wa uchimbaji, msomi wa mjini, akacheka. Akaunyoosha uzi juu ya kivuli cha Velika. Ukalingana nacho, haukuzidi wala kupungua.

"Umempima!" Minko akanong'ona. "Mjinga wee, umempima!"

Kicheko kikamkauka Kostadin. Mimi nililia. Velika akafunga kitambaa chake cha kichwa upya.

"Mlinzi hulinda ukuta," akasema. "Ukuta usipokuwepo, atalinda nini?"

Akaanza kubomoa. Wenzetu walikataa kugusa. Mimi nilibeba mawe aliyoyang'oa. Kila asubuhi tulikuta mawe mawili yamerudi mahali pake. Yeye aling'oa kumi. Homa ikamshika, akang'oa sita. Akakonda, akang'oa matatu. Hakupumzika hata Jumapili.

Siku ya arobaini, saa sita mchana. Limebaki jiwe moja. Hakuna upepo. Chini ya jiwe, mtu akavuta pumzi.

Sauti ya mwanamke. "Nani atakaa badala yangu?"

"Hakuna." Meno ya Velika yaligongana. "Kazi imekwisha, dada. Nenda zako."

Akaling'oa. Chini yake palikuwa na udongo mtupu, na ulikuwa na joto.

Velika yu hai hadi leo, na ulimi wake ni ule ule. Lakini njoo umtazame jua likizama. Vivuli vyetu sote hurefuka mpaka mtoni. Chake hakirefuki. Asubuhi, jioni, kina urefu wa ule uzi.

Nikikitazama hunifokea: "Unakodoa nini? Kifupi, lakini changu."