Upande wa Kulia wa Nyandwi

Siku sabuni ilipofika Ngara baada ya vita, foleni ilizunguka duka la ushirika mpaka nyuma ya soko. Bonifasia, fundi cherehani, alikuwamo na gauni la maua alilojishonea mwenyewe, limembana pale palipostahili kubanwa. Mbele yake alisimama kijana wa shati la kaki, mgongo umenyooka kama bado anakaguliwa.

"Kaka, sogea."

Kijana hakusogea.

"Kaka, umeota mizizi?"

Akamgusa bega. Kijana akageuka, akamtazama midomo, si macho.

"Nisamehe, dada. Nilikuwa mbali."

"Mbali wapi, na sabuni iko hapa?"

"Sasa naona kuna kizuri kuliko sabuni."

Ndivyo Bonifasia alivyompata Nyandwi, na sabuni akaikosa.

Jumapili walitembea pamoja, na Nyandwi kila mara alihama ili binti awe kuliani kwake. Bonifasia alidhani ni adabu za jeshini. Moyo ukamlainika kama ndizi iliyoiva.

Ikafika siku ya Bonifasia kumpeleka kijana kwa baba yake mdogo, mzee Bukuru. Wanaume kumi walizunguka chungu cha pombe ya ndizi, kila mmoja na mrija wake, wote wakisema kwa pamoja. Wanawake walikaa mkekani, pembeni.

"Huyu binti tumekaa naye mpaka vinu vitatu vimechakaa," Bukuru akasema.

Wakacheka. Nyandwi akacheka kuliko wote.

"Haya, mgeni, umekuja kuchukua au kunywa tu?"

Nyandwi akaitikia kwa kichwa, akacheka tena. Bukuru akauchomoa mrija wa mgeni chunguni, akauweka chini: posa imekataliwa. Bonifasia akainamisha uso, machozi yakalowesha kanga.

Miezi miwili Bonifasia hakumtazama Nyandwi. Asubuhi moja Nyandwi akaja barazani, ambako cherehani tatu zilikuwa zikinguruma.

"Nenda zako," Bonifasia akasema bila kuinua kichwa.

Nyandwi akabaki pale pale, anatabasamu. Bonifasia akauzuia mguu kwenye pedali. Wenzake nao wakasimamisha cherehani zao, kwa umbea tu.

"Siku ile kwa baba uliulizwa nini?"

"Sijui."

"Na ulichekea nini?"

"Wote walicheka, Boni. Sikio la kushoto lilikufa kwa mizinga, kule Uganda. Tukiwa wawili nakusikia. Wakiwa wengi, sauti zinapigana kichwani mwangu kama bata. Nikisema rudieni, rudieni, wataniona nimepungua."

"Kwa hiyo ukaona heri unipoteze mimi?"

Nyandwi akavua kofia yake, akaikunja. Bonifasia akazunguka meza, akasimama kuliani kwake.

"Mjinga wangu," akasema polepole, na hilo alilisikia.

Jumapili wakarudi kwa Bukuru. Bonifasia akaupita mkeka wa wanawake, akakaa katikati ya wanaume, kuliani kwa Nyandwi. Shangazi Eufrazia akashika kiuno.

"We Bonifasia, huko ni kwa wanaume."

"Shikamoo, shangazi. Niko kazini."

Akawaeleza habari ya lile sikio. Bukuru akautazama mrija wa mgeni, aliokuwa bado ameushika mkononi, akakohoa.

"Basi muulize tena. Kuchukua au kunywa?"

Bonifasia akainama, mdomo karibu na sikio, akauliza.

"Sijasikia vizuri," Nyandwi akasema. "Rudia."

Akarudia.

"Mara moja tena, mama."

Akarudia, mashavu yanawaka, shangazi anatazama darini.

"Nimekuja kuchukua," Nyandwi akasema kwa sauti ya paredi. Bukuru akauchomeka mrija chunguni.

Alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza. Alikiri baada ya watoto wanne, akachapwa kwa ncha ya kanga, upande wa kulia.