Mizizi ya Misonobari

Kila Jumamosi, mama na mimi tulienda msituni juu ya kijiji cha Endarasha kupalilia viazi. Shamba halikuwa letu. Serikali ilitupatia kipande tulime katikati ya miche ya misonobari, nasi tuitunze miche hiyo. Ikikua na kutia kivuli, tuondoke. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano, na kila mtu aliyajua.

Mwaka wa 1974 miche ilikuwa imenifika kiunoni. Baba alikuwa amefariki, nyumbani tulikuwa watoto watano, na viazi vile ndivyo vilivyotulisha. Mama akanifundisha hila: shindilia jembe chini ya shina, kata mizizi, fukia vizuri. Mche utakauka, ati jua limeuchoma. Serikali itapanda mwingine, nawe utabaki shambani. Wengi walifanya hivyo bila haya. Mimi nilikata kumi na mmoja, kwa mikono yangu hii.

Baada ya wiki mbili akaja Mutahi, askari wa msitu. Aling'oa mche mmoja mkavu, akaitazama mizizi. Mche huo ulikuwa mpakani mwa shamba letu na la Mzee Athman, mzaliwa wa Majengo, mtaa wa Waislamu mjini Nyeri. Mutahi hakuuliza swali. Alimwambia mzee afunge virago, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mgeni pale. Nilimngoja mama aseme neno. Mama aliinama tu.

"Ni mimi niliyeikata," nikasema.

Mama akainua kichwa. "Mimi ndiye niliyemtuma. Mwache mtoto."

Mutahi akaamua Mzee Athman abaki, nasi tupande miche mipya, tuvune viazi, kisha tuhame. Nililia, maana sikujua tungekula nini mwaka uliofuata.

Siku ya kupanda, Mzee Athman alikuja na jembe lake kutusaidia. Mama, kwa aibu, akamuuliza kwa nini. Mzee akaeleza kwamba kwao Majengo walichota maji katika kisima kilichochimbwa na mtu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Mtu huyo alikitoa kwa ajili ya Mungu, anywe yeyote atakayekuja.

Mama alipanda miche mitatu. Kisha akanigeukia.

"Wachuka, wazee wetu walipofyeka msitu waliacha mti mmoja mkubwa umesimama, uwe makao ya roho za miti iliyokatwa. Mimi sikuhurumia hata mche mchanga. Msitu huu ndio unaotuletea mvua. Nilitaka ushibe leo, nikawanyima mvua watoto utakaowazaa. Katika hili, mwanangu, usinifuate."