Kilo Sita za Mama

Basi likisimama Segera, Faudhia hatazami abiria. Anatazama madirisha. Kioo kikisogea kidogo tu, sinia lake la mihogo na samaki wa kukaanga liko juu tayari.

"Mihogo ya moto! Usipokula hapa utakula vumbi!"

Abiria hucheka, na anayecheka hununua. Faudhia ana mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kwa miaka tisa karai lake limechemka pale njia panda, na hajawahi kumwogopa mtu. Lakini mwaka huu kulikuwa na kitu alichokiogopa. Mama yake, Mwanaidi, aliondolewa titi moja kwa sababu ya kansa, ile ambayo wahudumu wa hospitali huiita saratani. Baada ya upasuaji alipangiwa dripu sita za dawa kali, moja kila wiki tatu. Dripu ya kwanza alishaipata.

Asubuhi hiyo Muhidini, muuza chai wa kibanda cha jirani, alimletea simu yake.

"Dada Faudhia, sikiliza hii. Imenifikia sasa hivi."

Sauti ya mwanaume ikatoka, nzito kama ya mtu wa redioni. "Kansa inakula mafuta. Wanakuficha! Kata mafuta yote, kansa itakufa njaa."

"Nani huyu?" Faudhia aliuliza.

"Sijui. Lakini si unasikia anavyoongea? Huyo kasoma."

Faudhia alitazama karai lake. Mafuta yalikuwa yanatokota, meusi kama chai ya rangi. Akaisikiliza ile sauti mara ya pili, kisha mara ya tatu. Alipofunga biashara jioni, alikuwa ameshaamua.

Nyumbani, alikoishi na mama yake na wanawe, alikusanya vyakula vyote vyenye mafuta na kuvipandisha juu ya kabati: karanga, nazi, maziwa, maparachichi, hata mayai.

"Mama, kuanzia leo ni uji wa maji na mchicha wa kuchemsha. Hiyo kansa tutaifungia mlango."

Mwanaidi alikaa kwenye mkeka, kitambaa kichwani. Nywele zilikuwa zimeshaanza kumtoka. Alitazama kabati, akamtazama binti yake.

"Haya, mwanangu," alisema.

Siku ya nne akaja shangazi. Bibi Maryamu alikuwa dada wa marehemu baba yake Faudhia. Alitoka upande wa Handeni na chupa imefungwa kwenye khanga. Hata kabla hajavua viatu alikuwa anapiga kelele.

"Wifi yangu amekuwa kijiti! Faudhia, unamlisha nini mama yako, upepo?"

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Jibu nililokuuliza."

Alifungua khanga. Ndani ya chupa mlikuwa na mafuta ya mkia wa kondoo, meupe, yameganda.

"Mimi nilijifungua mara saba," alisema. "Mara zote saba nililetewa mafuta haya. Nilisimama siku ya tatu nikatwanga. Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni. Atasimama."

"Shangazi, mama hajajifungua. Mama ana kansa! Kansa inakula mafuta!"

"Nani kakwambia?"

"Imo kwenye simu."

"Simu ilikuzaa? Simu ilikunyonyesha?"

Wakagombana mpaka jirani akachungulia uani. Hakuna aliyeshinda. Shangazi akahamia kabisa, akatandika godoro lake karibu na la mgonjwa. Faudhia akitoka kwenda Segera, shangazi anayeyusha kijiko. Faudhia akirudi, anamnusa mama yake mdomo kama polisi wa barabarani. Mwanaidi alikuwa katikati yao, anasema "haya" huku na "haya" kule, na kila wiki anafunga khanga yake kwa mzunguko mrefu zaidi kiunoni.

Dripu ya pili ilimpiga vibaya. Alitapika siku tatu.

Siku ya dripu ya tatu walifika hospitali kubwa wote watatu. Mwanaidi alipanda kwenye mzani. Muuguzi akaandika, akatazama karatasi ya zamani, akamwita daktari. Daktari alikuwa kijana mwenye macho yaliyochoka.

"Mama alianza na kilo hamsini na mbili," alisema. "Leo ni arobaini na sita. Kilo sita kwa wiki sita. Na damu imeshuka. Leo hatuweki dawa."

Faudhia alimsogelea. "Daktari, si tumefika siku yake?"

"Mwili huu hauwezi kuibeba dawa. Rudini baada ya wiki mbili. Ale, apate nguvu. Akishuka tena itabidi tupange matibabu upya, na mimi nisingependa tufike huko. Kila wiki tunayochelewa ni nafasi kwa saratani."

Alitaka kuendelea kueleza, lakini mgonjwa mwingine alianguka mlangoni, na daktari akakimbia kumwinua.

Walirudi nyumbani, wakaingia uani. Hapo yote yakamwagika.

"Umemuua wifi yangu kwa uji wa maji!"

"Mafuta yako ndiyo yanailisha kansa! Ungemwacha ale nilichompangia mimi, asingefika hapa!"

"Njaa ndiyo dawa? Nani alipona kwa njaa?"

"Na nani alipona kwa mkia wa kondoo?"

Nyuma yao kitu kilianguka. Mwanaidi alikuwa ameinuka aende chooni peke yake. Alifika kwenye mti wa papai, akashika shina, akateleza mpaka chini. Walimkuta amekaa kwenye tope, macho wazi, midomo mikavu.

"Msipige kelele," alinong'ona. "Nimechoka."

Faudhia alimbeba. Alikuwa mwepesi mno. Mwanamke aliyemtwika ndoo za maji utotoni sasa alibebeka kama mzigo wa kuni kavu. Walimpa maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo mpaka akaweza kukaa. Kisha Faudhia akamwacha mikononi mwa shangazi, akaenda mbio kituo cha afya. Safari hii hakutaka sauti ya simu. Alitaka mtu mwenye uso.

Alirudi na Josefina, afisa lishe. Josefina alizaliwa Korogwe, kwenye kambi ya mkonge, na hakuwa mtu wa kupindisha maneno. Alimpima Mwanaidi shinikizo la damu, akatazama ulimi na miguu. Kisha akasalimia vizuri.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba," shangazi alijibu, wakaulizana makwao. "Wewe mtoto wa mkonge, tuambie. Huyu na mimi, nani mkosaji?"

"Kwanza nionyesheni jikoni."

Alionyeshwa karanga zilizopandishwa juu ya kabati. Alionyeshwa chupa ya kondoo. Kisha akainama mwenyewe, akavuta dumu lililokuwa nyuma ya mafiga. Akalifungua, akanusa, akakunja uso.

"Haya nayo?"

"Ya biashara," Faudhia alisema. "Yakichoka kule Segera nayaleta nyumbani, tunapikia. Lakini mama hayali!"

"Yamechemka siku ngapi?"

Faudhia alihesabu kwa vidole. "Nne. Mara nyingine wiki. Naongezea mapya juu yake."

"Na watoto wako wanayala."

Faudhia alilifunika dumu. Kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima, mdomo wake mwepesi ulikuwa mzito.

Josefina alikaa kwenye kigoda. "Bibi, kwenu Handeni mna ghala la mahindi?"

"Tunalo."

"Panya akiingia ghalani, utaacha kula ugali wewe ili panya afe njaa?"

Shangazi alicheka. "Nina wazimu? Nitakonda mimi. Panya ataendelea kula yaliyomo."

"Basi hapo ndipo Faudhia alipokosea." Josefina alimgeukia. "Sikiliza. Ile sauti haikusema uongo mtupu. Ilichukua ukweli nusu. Mwili umejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinaitwa seli. Saratani ni seli zilizoasi, zinazaana bila kukoma. Kila seli mpya inahitaji ukuta, na ukuta huo umejengwa kwa mafuta. Nyingine huyachoma mafuta kama kuni, zipate nguvu. Kwa hiyo ni kweli, saratani inatumia mafuta. Wataalamu wanalichunguza jambo hili sana."

"Si nilisema!" Faudhia aliruka.

"Sijamaliza. Ukifunga jikoni, saratani haifi. Inachota ghalani. Ghala ni mwili wa mama yako. Inatumia mafuta yaliyohifadhiwa mwilini, na seli zake nyingi zinaweza hata kujitengenezea mafuta kutokana na sukari. Mama asipokula, mwili unakula nyama yake mwenyewe, misuli ya miguu na mikono. Zile kilo sita hakuzipoteza panya, Faudhia. Amezipoteza mwenye ghala."

Faudhia aliufunika uso kwa viganja.

"Na mimi?" shangazi aliuliza, kifua mbele. "Mimi nilikuwa nalijaza ghala."

"Bibi, wewe ulimwona mgonjwa anakonda, ukaona kwamba hali hiyo ni hatari. Hapo ulikuwa sahihi kuliko simu. Lakini mafuta ya mnyama, yale yanayoganda, vijiko vinne kila siku, si chakula cha mtu anayetapika. Yanamzidishia kichefuchefu, anashindwa hata uji. Na kwa sisi wazima, mafuta mengi mwaka baada ya mwaka huleta uzito uliozidi. Uzito huo unaongeza hatari ya baadhi ya saratani, ikiwamo ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi."

"Sasa kama kufunga si dawa na kujaza si dawa, dawa ni nini?"

"Dripu. Dripu ndiyo mtego wa panya. Chakula hakiui saratani, na atakayewaambia kinaua, mkimbieni. Kazi ya chakula ni kumpa mama nguvu za kuubeba mtego."

Josefina akasogea kwenye mkeka. "Mama Mwanaidi, nikuulize wewe. Unatamani kula nini?"

Faudhia na shangazi walitazamana. Wiki zote hizo walikuwa wamegombana juu ya kichwa cha huyu mama, na swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Kisamvu," Mwanaidi alisema taratibu. "Cha karanga. Na bada laini." Bada ni ugali wa muhogo, na aliupenda tangu utoto wake. Kisha akamtazama shangazi, akatabasamu kwa aibu. "Wifi, nisamehe. Yale mafuta nilikuwa nayamwaga kwenye mpapai. Yananichafua moyo."

Shangazi alifungua mdomo, akaufunga. "Ndiyo maana mpapai umenenepa!"

Wakacheka, hata Faudhia, na machozi yakimtiririka.

Josefina akawapangia. Mama ale kidogo kidogo, mara sita kwa siku, asisubiri njaa. Kila mlo uwe na kitu cha kujenga mwili: maharage, dagaa, yai lililoiva vizuri, samaki, maziwa yaliyochemshwa. Mafuta yawepo kwa kiasi: karanga zilizotwangwa ndani ya mboga, kipande cha parachichi, kijiko cha mafuta ya alizeti mapya kwenye uji. Kila kitu kisafi na kimeiva, kwa sababu dawa imempunguzia kinga.

"Huu ni mpango wa mama huyu," alisema. "Mgonjwa mwenye kisukari au maradhi mengine atapewa wake. Msimpelekee jirani kwa simu."

Wiki mbili zilikuwa ndefu. Siku ya kwanza Mwanaidi alikula matonge matatu. Siku ya tatu alitapika kila kitu, na Faudhia akajikunyata mlangoni. Shangazi ndiye aliyeinuka. "Amka, mtoto wewe. Tunaanza upya." Alitwanga karanga yeye mwenyewe. Walipokezana vibakuli kama watu wa zamu. Lile dumu la mafuta meusi Faudhia alilifukia kwenye shimo la taka. Kule Segera akaanza kuweka mafuta mapya kila asubuhi, na mihogo mingine akaichemsha na kuiuza na pilipili.

"Dada, mafuta yako siku hizi yanang'aa kama kioo," Muhidini alimtania. "Umeolewa na mwenye kiwanda?"

"Nimeachana na simu yako, ndiyo maana," alimjibu.

Siku ikafika. Mwanaidi alivua viatu, akapanda mzani. Mshale ulicheza. Faudhia alishika kiuno cha shangazi, shangazi akashika ukuta.

"Arobaini na saba na nusu," muuguzi alisoma.

"Amepanda?" shangazi aliuliza.

"Subirini majibu ya damu."

Walisubiri kwa saa mbili kwenye benchi. Daktari yule yule mwenye macho yaliyochoka alitoka na karatasi. Aliisoma amesimama, akaisoma tena.

"Damu inatosha. Tunaweka dawa leo."

Hakuna aliyesema amepona. Zilibaki dripu nne, pamoja na ya leo, na baada ya hapo vipimo. Lakini mtego ulikuwa umetegwa tena, na Mwanaidi alitembea kwa miguu yake mwenyewe mpaka kitandani.

Dawa ilipoanza kudondoka, simu ya Faudhia ilitetemeka. Muhidini tena. Sauti mpya, dakika saba: "Siri ya limau na kansa." Faudhia aliitazama kidogo. Akaifuta bila kuisikiliza, akaiweka simu chini, akamwinamia mama yake.

"Mama, ikiisha hii, utapenda kula nini?"