Mnazi Katika Ua wa Kina Mwanatabu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwanatabu alifagia ua wa kwao Kisauni kwa mikono, huku mdomo wake ukifagia mtaa mzima. Nani kachumbiwa, nani kagombana na wifi yake, yote alikuwa nayo. Jumatano hiyo, mwaka wa themanini na saba, aliyekuwa akisikiliza ni Dorcas, binti wa mpangaji wao, aliyesoma naye darasa la sita.

"Nyumba hii yetu, ardhi yetu, hata mnazi ule wetu," Mwanatabu alijigamba.

"Kama ni wenu, mbona sijawaona mkinywa hata dafu moja?"

Swali lilimchoma. Jioni, mamake akiwa sokoni, alimwita Rama, mkwezi wa mtaa, baba wa watoto watano.

"Huu si mnazi wa Bi Mwanarehema?" Rama alishangaa.

"Si alituuzia nyumba? Na mnazi umo humo humo. Wallahi, kasema mwenyewe!"

Rama akapanda. Punde si punde timu nzima ya netiboli ya shuleni kwao ilikuwa uani, madafu mdomoni, vicheko hadi barabarani. Mwanatabu alikaa katikati yao kama bibi arusi.

Kesho yake adhuhuri, watoto wakiwa wamerudi kula, Bi Mwanarehema aliingia na vikapu vinne. Ijumaa mjukuu wake alikuwa anaolewa, na madafu ya wageni alikuwa ameyaweka juu ya mnazi huo. Akainua macho. Mnazi ulikuwa mtupu kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi.

"Rama! Mwiteni Rama!"

Rama alikuja mbio.

"Niliambiwa umeuuza, bibi."

"Uliambiwa na nani?"

Rama akamtupia jicho Mwanatabu, aliyekuwa akihesabu vidole vya miguu yake. Akamwonea huruma, akainama kuokota vikapu.

"Hutaki kusema? Basi minazi yangu yote usiiguse tena!"

Majirani waliojazana mlangoni wakaguna. Minazi hiyo ndiyo iliyolisha watoto watano wa Rama. Mwanatabu akasogea mbele.

"Si yeye, bibi," alisema. "Ni mimi niliyemdanganya. Na nikaapa."

"Ewe mwana wewe!" mamake, Bi Mwanasaumu, alishika kichwa. "Sisi tulinunua nyumba tu. Ardhi ina wenyewe, kila mwaka twawalipa. Na mnazi Bi Mwanarehema aliubakisha uwe wake, maana aliupanda pale alipozika kitovu cha mwanawe wa kwanza."

"Na sisi wapangaji tuna nini?" Dorcas aliuliza.

"Nyinyi mna chumba, mradi mmelipa kodi."

"Na kuku yule anayechakura uani?"

"Yule ni wa jirani. Mfukuze!"

Watu wakaangua kicheko, na Bi Mwanarehema naye, ingawa alijizuia, mabega yalimtikisika.

"Rama, nisamehe. Minazi yangu bado mikononi mwako. Kaangue ile ya shamba la mbali. Na wewe, Mwanatabu, waite wote waliokunywa. Madafu watayabeba wao kwa vichwa, kisha watanikunia nazi za wali wa arusi."

Ndipo Bi Mwanasaumu akamshika binti yake bega.

"Mwanangu, kitu kuwa uani mwako si kuwa chako. Mali huenda na makubaliano, haiendi na macho. Uliza kabla hujagusa. Na ukikosa, sema mapema, asije mwingine akaadhibiwa kwa ulimi wako."

"Nimesikia, mama."

Alasiri hiyo, baada ya shule, wasichana kumi na mmoja, shingo zikiwauma, waliingia kwa Bi Mwanarehema. Rundo la nazi lilikuwa likiwangoja, na kando yake mbuzi ya kukunia. Dorcas alitaka kuikalia, akasita, akageuka kwa adabu:

"Bibi, samahani. Na hii ni ya nani?"