Madirisha ya Bibi Harusi

"Bi Twaiba, haya madirisha hayaingii."

Kahindi, fundi wa alumini kutoka Ukunda, alikuwa amelikumbatia dirisha jipya mbele ya ukuta wangu hapa Msambweni. Alilijaribu huku, akalijaribu kule. Lilizidi upana.

"Ulipima nini, fundi?"

"Mimi sikupima. Vipimo aliniletea bwana Swabir mwenyewe. Leo nimempigia simu, imezimwa. Nikaona, aliyechagua ni wewe, na nyumba yako naijua, basi nilete."

Kweli nilichagua mimi. Chumvi ya bahari ilikuwa imeyala madirisha yangu ya chuma, nikauza bangili za marehemu mamangu, nikampa mume wangu pesa, tukaenda karakana pamoja. Nilitaka kioo kile cha bluu, ambacho mchana wa ndani anamwona wa nje, na wa nje anajiona mwenyewe tu. Swabir alicheka, akaniambia, "Chako hicho, mpenzi."

Simu ya Kahindi ikatoa mlio wa ujumbe. Akasoma, akaifutika mfukoni haraka.

"Lete niione."

"Bi Twaiba, mimi fundi tu, usinitie kwenye mambo ya..."

"Lete!"

*Fundi, simu yangu iliisha chaji. Madirisha yafike nyumba ya Ukunda leo. Ijumaa naoa, bibi harusi hawezi kulala kwenye matundu. Huyu wa Msambweni akikuuliza, mwambie kioo hakijafika.*

Huyu wa Msambweni! Mimi niliyemuuguza mamake mpaka akakata roho mikononi mwangu, leo sina hata jina. Kuoa mke wa pili ni haki yake, sikatai. Lakini kwa bangili za mamangu? Nilimrudishia simu yake kwa hasira mpaka mtandio ukanianguka.

"Mjibu yako njiani."

"Njiani kwenda wapi, Bi Twaiba?"

"Andika. Kisha chukua nyundo, upanue ukuta."

"Bwana atanitoa roho!"

"Nyumba ni urithi wangu, na madirisha nimeyalipa mimi. Vunja, Kahindi."

Akavunja. Wallahi, kila jiwe lililoanguka lilinipoza moyo. Swabir mwenyewe alikuwa ameniaga asubuhi ile, eti ana safari ya siku tatu, hangeona kitu.

Ijumaa baada ya swala, pikapu ya Kahindi ilisimama mbele ya ile nyumba mpya ya Ukunda. Nilishuka nimejipamba na kujifukiza udi, maana harusini haendi mtu ovyo. Matundu ya madirisha yalikuwa yamezibwa kwa nailoni. Ndoa ilikuwa ifungwe alasiri, na wanawake walikuwa wameshaanza vigelegele.

"Hodi! Madirisha yamefika!"

Swabir akatoka na kanzu yake mpya. Aliponiona, mdomo ukabaki wazi.

"Twaiba! Umefuata nini hapa?"

"Si umeagiza madirisha, mume wangu? Kahindi, shusha."

Yakashushwa yale yangu ya zamani, kutu tupu, moja halina hata bawaba. Vigelegele vikakatika. Bibi harusi, binti mmoja aitwaye Yusra, akatokea mlangoni na hina yake mikononi.

"Swabir, nani huyu?"

"Ni... ni jamaa tu."

"Mimi ni mke wake, mwanangu. Na nyumba yangu ndiyo aliyotoka juzi asubuhi."

"Uliniambia ulimwacha! Uliapa mbele ya babangu!"

"Yusra, nisikilize kwanza..."

"Usinishike! Baba! Mwambie shehe asije, mimi siolewi!"

Mimi nilipanda pikapu. Nilichokifuata nilikuwa nimekipata.

Jua lilikuwa bado kali Swabir alipofika Msambweni. Aliukuta mlango una komeo, akazunguka dirishani.

"Twaiba, fungua. Ni shetani tu, mke wangu."

Nilikuwa nimeketi upande wa pili wa kioo, karibu hata kumgusa. Macho yamemvimba, kanzu ya harusi imejaa vumbi. Niseme kweli, nilifurahi.

"Najua uko ndani. Nitazame basi!"

Nilikuwa namtazama. Yeye ndiye aliyekuwa haoni kitu ila uso wake.

"Sema nami japo neno moja, Twaiba!"

Nikasukuma kioo kiasi cha vidole viwili.

"Talaka."

Nikakifunga. Akabaki pale nje, kiganja kwenye kioo, anaubembeleza uso wake mwenyewe.