Hapo Nakusikia

Msimu wa mavuno mwaka 1996, magunia ya mpunga yalijaa soko la Ifakara mpaka njiani. Baiskeli ya Wendelin, ile ya magurudumu matatu inayokanyagwa kwa mikono, ikakwama mbele ya kibanda cha mama lishe mmoja, msichana wa gauni la njano na kilemba cha kitenge.

"Kaka, umenizibia wateja."

"Si unisukume, dada?"

"Nikusukume bure? Kula kwanza."

Wendelin akala wali na kambale, na akajikuta anacheka. Hakuwa amecheka tangu lori la mbao lilipopinduka karibu na Sanje na kumvunja uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kushuka chini alikufa ganzi. Na huko juu, kusema kweli, hakukuwa na uhai mwingi. Dada yake alimwekea chakula nyumbani Lumemo, akala, akalala, kukakucha.

Msichana aliitwa Apolonia. Ndiye aliyemweleza habari za Sista Bernadeta, mtawa kutoka India aliyewafundisha yoga watu wenye ulemavu kwenye ukumbi wa parokia.

"Yoga ndiyo nini?"

"Mazoezi ya mwili na pumzi. Hata asiyesimama anafanya. Mimi huwa naenda."

"Kusaidia?"

Apolonia akasita. "Eeh. Kusaidia."

Ukumbini walilala kwenye mikeka, wengine wakakaa vitini. Wendelin alifungwa kanga mapajani ili miguu isitawanyike, kisha Sista akapita akisema taratibu, "Vuta pumzi. Sasa ipeleke miguuni."

"Sista, huko hakuna mtu nyumbani."

"Piga hodi tu, Wendelin. Usidai uitikiwe."

Apolonia, mkeka wa pili, akacheka mpaka akakohoa.

Akaendelea kwenda. Miguu haikuamka, ila mgongo ulipunguza kuuma, na usingizi ukaja. Ikafika mahali akawa anachagua shati la kuvaa siku za yoga. Mchana mmoja, wote wakiwa wamefumba macho wakipumzika, alinyoosha mkono akashika vidole vya Apolonia. Akavibana kidogo. Havikujibu. Akavibana tena. Vilikaa tu, kama vya mtu aliyelala.

Wendelin akaurudisha mkono wake. Hakukasirika, ile hali ya zamani ilimfunika tena, ndiyo hivyo. Wiki hiyohiyo akahamia Mang'ula, kwa kaka yake Polikarpo mwenye duka. Hakuaga.

Apolonia alisubiri, kisha akaenda Lumemo kwa dada mtu akaomba namba ya simu ya dukani. Akaenda Posta, akapanga foleni. Laini ilikuwa inakwaruza.

"Wende! Unanisikia?"

"Kidogo. Nani?"

"Nani tena! Umeondoka bila hata kwaheri, bwana?"

"Nilikushika mkono, Apolonia. Ulinyamaza. Nikaelewa."

"Ulinishika lini?"

"Ukumbini. Usijifanye."

Apolonia akatazama mkono wake. Nyuma yake foleni ilikuwa kimya, inasikiliza.

"Sikujua," alisema chini chini. "Mikono yangu haisikii."

"Sema kwa sauti!"

"Haisikii! Niliugua ukoma!" Sauti ilijaa Posta nzima. "Nikanywa dawa, nikapona, ila vidole vilikufa ganzi! Sikuwa nasaidia pale, nilikuwa mwanafunzi kama wewe!"

Laini ikakatika. Alipogeuka, watu wakampisha njia pana kuliko ilivyohitajika.

Kesho yake hakuna aliyekula kibandani kwake. Wala kesho kutwa. Apolonia aliosha sahani safi, akazipanga, akafunga kibanda. Hakulia. Hakusikia hata hamu ya kulia.

Polikarpo ndiye aliyempigia simu Sista Bernadeta kusema kwamba Wendelin anarudi kwa treni, na Sista akampasha Apolonia. Apolonia akaenda stesheni na lile gauni la njano, bila kujua kwa nini amelivaa. Wapagazi walimteremsha Wendelin, wakamweka juu ya baiskeli yake.

"Wateja wamenikimbia," Apolonia alimwambia, badala ya salamu.

"Nimesikia." Wendelin akamshika vidole. "Hapa?"

"Hapana."

Akapanda kiganjani. "Hapa?"

"Hapana, Wende. Watu wanatuangalia."

Akapita kifundo cha mkono, akapanda polepole hadi karibu na kiwiko.

"Hapo," Apolonia alisema. "Hapo nakusikia. Mkono wako una baridi."

Wakakaa hivyo mpaka treni ikaondoka.

"Nataka kaka aje kwenu kuposa," alisema Wendelin.

"Utaoa mtu asiyesikia mkono wako?"

"Mimi sisikii miguu yangu, na popote naenda nayo."

Apolonia alijitafutia furaha ndani yake, akaikosa. Alichokuta ni kwamba hataki auondoe ule mkono.

"Aje Jumapili, baada ya misa," alisema. "Nitamwambia mama apike yeye."

"Kwa nini yeye? Pika wewe," alisema Wendelin. "Kaka ana njaa kama mimi."